Mkanda Uliopakwa Mafuta ya Nazi

Kabla ya kuitwa Fundi, Yohana Likwata aliitwa "wewe wa porini". Ndivyo watu wa pwani walivyomwita tangu siku ile ya mwaka sabini na nne, lori la operesheni lilipomteremsha Amkeni, kijiji kipya cha ujamaa upande wa chini wa Miteja. Aliteremka na mkewe Veronika, mtoto wao Klementi aliyekuwa bado ananyonya, na mlango wa nyumba waliyobomolewa kule milimani Umatumbi. Mlango walikuwa nao, nyumba ya kuutia ndiyo haikuwepo. Mvua ilikuwa inanyesha, na watu wamekaa barazani wanawatazama kama mbuzi wa mnadani.

"Hao chakula chao panya," mmoja alisema, wenzake wakacheka.

Aliyewaita ndani ni mtu mmoja tu, Bi Kijakazi, mjane mwenye mtumbwi wa kuvushia watu hori, ule mkono wa bahari unaokitenga kijiji na barabara ya Kilwa. Aliwapa chumba. Klementi alikuwa na upele mwili mzima, naye akampaka mafuta ya nazi aliyoyakamua kwa mikono yake, asubuhi na jioni, mpaka ngozi ya mtoto ikawa laini. Yohana hakuwa na cha kumpa, akamnolea tu mbuzi yake ya kukunia nazi. Tangu hapo akawa anamwita mama, naye Bi Kijakazi anamwita mwanangu.

Mwaka uliofuata kijiji kikapewa boti ya mashine. Watu wa pwani waliijua bahari kama chumba chao cha kulala, lakini nani kati yao alikuwa amewahi kushika spana? Yohana kule milimani alikuwa akitengeneza baiskeli. Basi akapelekwa Kilwa Masoko siku nne, akafundishwa kuwasha, kuzima na kuchanganya petroli. Aliporudi, alirudi Fundi.

Ah, jina lile! Jembe la shamba la kijiji hakuligusa tena. Wale wale wa panya sasa walimwita kwa sauti tamu, "Fundi, niwekee nafasi ya mbele." Kisimani Veronika akapishwa foleni. Yohana alikuwa akilala na kuamka na hofu moja tu, kwamba siku moja jina hilo litachukuliwa, naye atarudi kuwa wa porini.

Mtumbwi wa Bi Kijakazi ulipinduliwa mchangani, kuku wakawa wanatagia chini yake. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mtulia, ndiye aliyetoa amri. Alisema horini hapawezi kuwa na chombo cha umma na chombo cha mtu binafsi. Bi Kijakazi akasimama katikati ya mkutano, mkono kiunoni.

"Sawa. Lakini siku mashine yenu itakapowaacha matopeni, mimi nitakuwa nimekaa pale nacheka."

Mkutano wote ulicheka siku hiyo. Hata Mwenyekiti.

Kwa Yohana lakini Bi Kijakazi hakuwa na kinyongo. Kila Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, Yohana alishuka bandarini peke yake, akavua kofia ya mashine na kuifuta kama anavyomfuta mtoto. Juu kabisa palikuwa na mkanda wa mpira mweusi, wenye meno madogo upande wa ndani. Mkanda huo ndio uliozungusha kile kidude cha kutoa cheche. Kule Masoko hakuna aliyemwonyesha namna ya kuutunza. Jua la pwani lilikuwa limeukausha, na mashine ikiwaka mkanda unalia kama kifaranga. Yohana akauonea huruma. Baba yake alimfundisha kwamba kila kinachozunguka kinataka mafuta, mnyororo, ekseli, hata bawaba ya mlango. Akaenda kwa Bi Kijakazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una nini leo?"

"Nigawie mafuta kidogo. Mashine inalia."

"He! Nayo ina upele?"

Wakacheka mpaka Bi Kijakazi akajifuta machozi kwa kanga. Akamjazia chupa ya soda, akaiziba kwa gunzi. Ijumaa iliyofuata akamjazia tena, na nyingine, na nyingine. Kweli, mkanda uliacha kulia. Yohana alijiona daktari.

Siku ya balaa Mwenyekiti alikuwa anakwenda mkutanoni Masoko, amevaa suti yake nyeupe, kabeba jalada kwapani. Katikati ya hori mashine ikakohoa, ikapiga mshindo kama bunduki, ikazima. Yohana akavuta kamba ya kuwashia. Mashine ikaivuta kamba nyuma kwa nguvu, mpini ukamchana mdomo. Akavuta tena, kimya. Maji yalikuwa yanakupwa, na boti ikasukumwa taratibu mpaka ikakaa kwenye matope ya mikoko. Wakangoja, wakangoja. Mwishowe Mwenyekiti akashuka mwenyewe, matope yakamfika mapajani, kiatu kimoja kikabaki huko huko chini.

Wanawake waliokuwa wanaokota chaza walishindwa kujizuia.

"Ndugu Mwenyekiti, umekuja kulima mpunga?"

"Muulizeni na kile kiatu, amekipanda mbegu?"

Mwenyekiti hakucheka. Alisema neno moja tu, na neno lenyewe miaka ile lilitisha kuliko chui. "Hujuma."

Likaletwa gari na fundi kutoka Lindi, Ismaili, mtu wa mtaa wa Rasbura huko huko Lindi, mwenye saa mkononi na dharau usoni. Kijiji kizima kilikusanywa bandarini. Akavua kofia ya mashine, akautoa mkanda kwa vidole viwili. Ulikuwa umevimba, umelegea, na meno matatu hayapo. Mengine akayakwangua kwa ukucha tu, yakatoka kama ukoko. Akaunusa.

"Mkanda huu umepakwa mafuta. Mpira wa namna hii, mafuta yanaula. Meno yakiisha mkanda unaruka, cheche inakuja si wakati wake, mashine inarusha teke. Nani kafanya hivi?"

Yohana aliutazama ule mkanda. Kumbe! Kumbe ni yeye, kwa mikono yake, kila Ijumaa, kwa huruma yake yote.

Mwenyekiti naye akaunusa mkanda. "Nazi!" alisema. Akageuka polepole. "Nani anakamua mafuta ya nazi hapa kijijini? Na nani alisema mashine itatuacha matopeni, akae acheke?"

Vichwa vyote vikamgeukia Bi Kijakazi. Akajitanda kanga vizuri, akasimama.

"Mafuta ni yangu, sikatai. Nilimpa Fundi kila Ijumaa, kwa sababu aliniambia mashine inalia. Hakukusudia ubaya, wala mimi sikukusudia. Mwanangu, hebu waambie."

Ilikuwa kazi ya neno moja. Yohana alikwisha fungua mdomo. Lakini Ismaili akatangulia kusema, hali anajipepea na kofia yake, "Fundi gani wa kupaka mkanda mafuta? Labda fundi wa huko porini!" Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile Yohana alikijua. Alikiacha barazani siku ya mvua.

"Mimi?" alisema. "Sijapata kuchukua mafuta kwa huyu mama. Mashine naipa petroli tu." Halafu akaongeza, wala hakuna aliyemuuliza, "Ijumaa nilimwona anazungukazunguka hapa kwenye boti."

Bi Kijakazi akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni.

Hukumu ilitoka pale pale. Atembezwe kijiji kizima na mkanda shingoni, madebe yakipigwa. Mkanda ulikuwa mfupi, haukupita kichwani. Mwenyekiti akamkabidhi Yohana kisu.

"Fundi, ukate umfunge. Kazi yako hiyo."

Yohana akaukata, akatoboa ncha zake, akapitisha mshipi wa kuvulia. Vidole vyake viligusa shingo ya yule mama. Ilinukia nazi. Alipokuwa anapiga fundo, Bi Kijakazi akasema kwa sauti ya chini, ya kusikiwa na yeye peke yake:

"Usikaze sana, mwanangu."

Walimzungusha mara tatu. Watoto walimtungia wimbo, "Mkanda, mkanda, kaupaka nani?" Walipopita kwa Yohana, Veronika alikuwa amesimama kwenye ule mlango waliokuja nao kutoka milimani. Klementi alimnyooshea mikono Bi Kijakazi akaita "Bibi! Bibi!" mpaka mama yake akamziba mdomo. Jioni mtumbwi ukapasuliwa, kuni zake zikapikiwa pilau ya fundi wa Lindi. Yohana alipewa mnofu mkubwa.

Mkanda mpya ukaletwa, na Yohana akabaki Fundi. Ijumaa ya kwanza akakuta mlangoni chupa ya soda imejaa mafuta, imezibwa kwa gunzi.

"Mafuta yako hayo," Veronika alimwambia. Tangu siku ya madebe hakuwa akimwambia mengi.

"Yamwage."

Hakuyamwaga. Alimpaka Klementi, na usiku mtoto akaja kulala kifuani kwa baba yake, ananukia shingo ile. Ijumaa ya pili chupa nyingine ilikuwa pale pale. Na ya tatu.

Bi Kijakazi hakupanda boti. Alivuka hori kwa miguu maji yakikupwa, matope mapajani, kikapu kichwani. Miezi ilipita, na siku moja ya jua kali boti ilimpita akiwa katikati ya matope, abiria wamejaa. Mkanda mpya nao ulikuwa umekauka, ukaanza kulia kama kifaranga.

"Fundi!" alipiga kelele mmoja kutoka mbele. "Mashine inalia hiyo! Mwombe yule bibi mafuta!"

Boti nzima ikacheka. Yohana akacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote, akaongeza petroli.