Dinosaria Aliyelala

Wiki ya dinosaria niliipanga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha darasa la awali hapa Bariadi nilikuwa naamka na hamu ya kwenda kazini. Shule yetu ni ya kulipia, ya Kiingereza, yenye ukuta wa katuni na basi la njano. Ndani, watoto wa miaka mitano hukaa kimya wakinakili herufi mpaka kengele ilie. Nilikuwa nimechoka kuwaona hivyo.

Jumatatu niliwaambia zamani sana, kabla ya mababu wa mababu, waliishi wanyama wa jamii ya mijusi, wengine wakubwa kupita lori la pamba, na mifupa yao ilichimbwa hapa hapa Tanzania, kule Lindi, ikasafirishwa Ulaya. Watoto walitaka kujua nani alikuwa anawachunga wanyama hao. Tukakata trei za mayai tukapata miiba ya mgongoni. Tukabandika punje za mahindi ziwe meno, kwa gundi ya uji wa sembe, na nusu ya meno yakaliwa. Alhamisi nikaleta ndoo ya udongo mweusi wa mbugani, ule unaokwamisha pikipiki mvua ikinyesha, nikasema kila mtu afinyange wake. Hawa ni watoto wa Usukumani. Karibu kila dinosaria alitoka na nundu, kama ng'ombe wa kwao.

Kulikuwa na msichana mmoja, mtoto wa mama muuza dagaa aliyehamia mjini kutoka Lamadi. Kwao wanasema Kisukuma, shuleni Kiingereza ni lazima, basi akaamua kunyamaza. Muhula mzima sikuwahi kumsikia akisema lolote zaidi ya kuitikia jina lake. Siku ile alifinyanga dinosaria mwenye nundu na chuchu nne. Nikamwambia hawa hawakunyonyesha, walitaga mayai. Akafikiri. Akazing'oa chuchu, akazifanya mayai, akayapanga chini, kisha akamlaza mnyama wake ubavu.

"Mbona amelala?" nikamuuliza.

"Ametaga, ticha. Amechoka."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mtoto alikuwa amefunguka, na sikutaka kitu kingine chochote shuleni pale zaidi ya kumwona akibaki hivyo.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi. Asubuhi nilikuta meza ya maonyesho imetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake dinosaria wa kijani wa karatasi ngumu wamesimama mstari mmoja, wote sura moja, wamekatwa kwa mashine stesheneri na kupigwa plastiki. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na jina la mtoto kwa herufi za dhahabu. Wale wa udongo walikuwa kwenye beseni nyuma ya jiko. Nilimfuata mkurugenzi, mama mwenye shule, nikamuuliza kulikoni.

"Mwalimu, mzazi halipi ada aje kuonyeshwa matope," akasema, huku akinyoosha kitambaa.

Katika hotuba yake aliwaambia wazazi kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba kazi zote pale mezani zimefanywa na mikono ya watoto wao. Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama pembeni nimefura kwa hasira.

Mama yake yule msichana alikuja amevaa kitenge kipya. Alipoona jina la bintiye alipiga vigelegele, akatoa simu apige picha.

"Siyo wangu," mtoto akasema. "Wangu amelala."

Mama akacheka, akamvuta asogee mezani. Mtoto akarudia kwa sauti kubwa zaidi, watu wakageuka. Mama akamfinya mkono. "Acha uongo! Unataka kuniaibisha?"

Hapo uvumilivu ukaniishia. "Mama, mtoto anasema kweli," nikasema. Nikaenda nyuma ya jiko, nikarudi na dinosaria wake kwenye viganja. Shingo ilikuwa imekatika, na mayai sikuyaona.

Mama alimtazama yule mnyama, kisha akanitazama mimi. Nilidhani hasira zake zitamwendea mkurugenzi.

"Madam, hivi si ndivyo wanavyochezea watoto wa machungani kule kwetu? Nashinda juani na dagaa ili nimtoe huko, halafu wewe unamrudisha?"

Mkurugenzi akainama akitabasamu, akamshika mtoto kidevu. "Haya, mwambie mama. Huyu mzuri wa kijani katengenezwa na nani?"

Mtoto alinitazama mimi kwanza. Nikatikisa kichwa kumkataza. Kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa hajamwachia mkono.

"Na mimi," akasema.

Akapigiwa makofi, akapewa biskuti. Niliyachukia makofi yale, na nayachukia mpaka leo.

Jumatatu udongo ulikuwa umepigwa marufuku, kwa hiyo niligawa karatasi na kalamu za rangi, nikasema kila mtu achore mnyama anayempenda. Wenzake waliinamia karatasi zao. Yule msichana alikaa amekunja mikono. Nikachuchumaa karibu yake nikambembeleza kwa Kiswahili, hata kwa Kisukuma changu kibovu. Hakuwa amenuna. Alinisogezea karatasi yake kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyofundishwa kwao kumpa mtu mzima kitu.

"Chora wewe, ticha," akasema. "Halafu uandike jina langu."