Aliyeuona Mwisho wa Gemu

Mchapishaji alikuwa mama wa makamo mwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la viatu, na mdomo wake haukuwa na breki. Kitabu chake cha gemu za zamani za televisheni kilikuwa kimebakiza kwenda mtamboni tu, pale waandishi wake watatu walipomjia juu. Walidai kwamba mwenzao, aliyejiita Bingwa, amewapiga changa la macho. Alikuwa amesimulia mwisho wa gemu moja ngumu ambayo wao wote ilikuwa imewashinda. Ama sura yake itolewe, ama wao waondoke na zao.

Mama alikuwa amemkingia kifua Bingwa tangu mwanzo, kwa sababu sura yake ilikuwa tamu kuliko zote. Akaona maneno matupu hayatamaliza ubishi. Akaazima mashine kuukuu kwa fundi televisheni, akawaita wote, akamtaka Bingwa acheze mbele yao.

Bingwa, mtu mzima na kipara chake, jasho jembamba likamtoka. Akaipuliza kaseti ya gemu vumbi litoke, akaichomeka, picha ikagoma. Wale watatu wakampokonya, wakaipuliza nao kwa zamu, kila mmoja akiamini pumzi yake ndiyo dawa. Picha ikaja, ikakatika.

Hapo Bingwa akaiacha pedi ya kuchezea mezani, akazunguka nyuma ya televisheni, akaupinda waya wa mashine kidogo kwa vidole viwili. Picha ikatulia tuli. Akabaki pale pale, shingo upande, akichungulia kioo kwa pembeni, na wala hakuonekana kuumia.

“Kaka,” Mama akasema, “wewe hukucheza.”

“Nilishika waya. Aliyecheza ni dada yangu.”

Watatu wale wakavimba vichwa. Mama aliona aibu hadi masikio yakamwaka, lakini hakuwa mtu wa kushindwa mapema. Akampigia simu yule dada na kuweka sauti wote wasikie. Dada akakubali bila kusita kwamba gemu aliimaliza yeye, mdogo wake akiwa nyuma na waya. Basi atueleze mwisho ulivyokuwa, akadakia mwandishi mmoja, tulinganishe na kilichoandikwa.



“Mimi sikuuona,” dada akasema. “Nilivyoliangusha lile jitu la mwisho tu, nikatupa pedi nikakimbia jikoni kumwambia mama yetu. Kurudi, yote yameshapita. Yeye ndiye aliyebaki. Angeachia waya, picha ingepotea. Mpaka leo huwa namwomba anisimulie.”

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akisingizia vumbi la mashine.

“Sura inabaki,” akasema. “Jina la dada litangulie, lako lifuate. Na uandike ulikuwa umekaa wapi.”

Bingwa akaitikia kwa kichwa. Waya alikuwa bado ameushika.