Harufu ya Muhogo Uliovundikwa

Watu wa Mugango, kijiji cha kando ya ziwa, walikuwa na jibu rahisi kuhusu Bernado: hana akili. Waseme wao! Pelagia, mkewe, aliyevumilia miaka yote ya ulevi wa gongo, alijua akili ya mumewe haina kasoro. Hakuna aliyeshona nyavu kama yeye pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, na kila asubuhi alilia kwa aibu mpaka ukamwonea huruma. Jioni, huyo, ameshakwenda tena.

Tumbo lilipoanza kumvimba, wakaenda hospitali Musoma. Daktari, dada mmoja aitwaye Mwamvita, hakumgombeza. Alimweleza Pelagia kwamba ndani ya ubongo mna kemikali, dopamini, inayomsukuma mtu kukitafuta kilichowahi kumpa raha. Pombe huimwaga kwa wingi mno, mwishowe ubongo unazoea na ile raha inakwisha.

"Lakini msukumo unabaki, mama. Anaweza asifurahie hata tone moja na bado akaitafuta. Na vitu vidogo tu vinauamsha: rafiki, sauti, harufu. Akirudia kunywa, ini lake lililokwisha kuharibika halitamsubiri."

Harufu! Pelagia alimpeleka mumewe kwa dada yake aliyekaa Bunda apate nafuu, kisha akarudi kupambana na nyumba. Akafua mablanketi, akasugua sakafu, akatupa kila chupa. Ndipo akaukumbuka muhogo, akaketi chini palepale.

Huko ziwani muhogo wa ugali huvundikwa kwanza: unafunikwa mpaka uote ukungu, halafu unaanikwa juu ya mawe makubwa, unasagwa. Na gongo ya pale huanza na muhogo huohuo uliochacha. Pua itatofautishaje? Basi akaacha kuvundika, akawa anakula ugali wa mahindi ambao haukumshibisha hata kidogo. Majirani wakamcheka, eti Mama Dorah siku hizi mzungu.

Sawa, nyumbani kwake aliweza. Kijiji kizima je? Wasile? Alikwenda kumbembeleza Rhobi, jirani yake, aanike mbali kidogo.

"Mbali wapi?" Rhobi akaguna. "Mawe ni hayohayo. Au nianike kichwani?"

Bernado akarudi kwa basi la mchana, mashavu yamejaa, utani umerudi.

"Mama Dorah, mbona umekonda hivi? Ulikuwa unaniwaza mimi?"

"Nikuwaze wewe una nini?"

Wakacheka. Jamani, Pelagia alicheka mpaka akajishika mbavu. Walikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, ndala wamezivua, wanamega sato wa kuchoma. Kisha upepo ukageuka, ukaja moja kwa moja kutoka kwenye mawe ya Rhobi.

Pelagia ndiye aliyeinusa kwanza ile harufu. Alimtazama mumewe akaona kicheko kimekatika, jasho linamtoka kwenye paji la uso, kidole kinagonga goti.

"Twende ndani, Baba Dorah. Twende kanisani. Twende kokote!"

"Sitaki pombe," Bernado alisema, machozi yakimtiririka. "Naapa kwa Mungu. Ni chungu, inaniuaga. Siitaki kabisa."

"Najua, baba. Najua."

Akamshika mkono kwa nguvu zake zote. Alijua hadanganyi.

"Siitaki," Bernado akarudia, huku miguu yake ikipapasa chini ya benchi, ikitafuta ndala.