Milima ya Shemeji

Nimejaribu kumchukia shemeji yangu kwa miaka tisa na mwenyewe hanipi nafasi. Ni fundi wa makochi, mume wa dada yangu mdogo, mtu wa kicheko cha polepole, na kila anachokishika kinamkubali. Akipanda pilipili kwenye kopo bovu, inazaa. Akifungua redio ambayo hajawahi kuiona maishani, inaongea. Mama yetu humwita "baba" kwa sauti laini ambayo mimi, kifungua mimba wake, sijawahi kuisikia ikinielekea.

Mimi ni mchora mabango, na marafiki huniita Brashi. Nyuma ya karakana yangu kuna chumba, na ndani yake kuna mlango wa zamani nilioulaza juu ya vihimili viwili vya mbao. Hiyo ndiyo meza yetu ya vita. Usicheke. Kila Jumamosi mchana, kwa miaka kumi na mmoja, mwalimu wa historia, mfamasia na mimi tulipanga pale askari wenye urefu wa kiungo cha kidole, tuliowapaka rangi mmoja mmoja hadi vifungo vya makoti. Unapima kwa rula kikosi chako kinatembea umbali gani, unarusha dadu, unajua nani kaanguka. Wake zetu wanatuona tumechanganyikiwa, na huenda hawajakosea.

Siku nyingine zote mimi ni mtu wa kuambiwa ongeza herufi, punguza herufi, hii nyekundu mbona imepauka. Jumamosi watu walikuja kwangu na kukaa kwenye viti vyangu. Walinisubiri mimi niseme tuanze. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia, nasema ukweli.

Meza yenyewe niliichora kwa mkono wangu: majani, barabara, mto. Mfamasia aliwahi kusema kwamba akiutazama ule mto anasikia kiu. Ila ilikuwa bapa. Mlima ulikuwa duara la kahawia, na sisi tulikubaliana tu kwamba ni mlima.

Basi dada akaniomba nimchukue mumewe, kwa sababu Jumamosi mchana hana kazi na anamzungukazunguka jikoni. Akaja. Alishindwa wiki tatu mfululizo, na kila akishindwa anacheka mpaka anashika mbavu. Wiki ya nne akainama juu ya meza yangu, akauliza, "Shemeji, hivi huu mlima mbona umelala?"

Mwalimu alicheka hadi miwani ikamtoka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Kuanzia hapo akaanza kujenga meza yake barazani kwake. Aliokota yale mabamba meupe mepesi yanayokuja na mafriji, akayagandisha tabaka juu ya tabaka kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha akayachonga kwa kisu chake kirefu cha kukatia sponji. Akapiga msasa, akasimamisha askari kwenye mteremko, askari akiteleza anapiga msasa tena. Miti aliitengeneza kwa mabaki ya sponji aliyoyachanachana na kuyachovya kwenye rangi ya kijani. Matete ya kando ya mto yalikuwa katani aliyoichomoa kwenye matumbo ya viti vya zamani. Mto aliuchimba kwenye ubao, akaumwagia vanishi, akasubiri ikauke, akamwaga tena, mara saba. Ukiinama uliona vijiwe chini, kama kwenye maji ya kweli.

Najua yote hayo kwa sababu nilikwenda kuangalia. Nilisema nimekuja kumsalimia dada. Nilimsalimia dada mara tatu kwa wiki, mtu niliyekuwa namwona kwenye misiba na harusi tu. Nikirudi karakana nikitazama mto wangu wa brashi, roho inaniuma hadi chakula hakipiti. Mimi ndiye mchoraji. Yeye anashona viti!

Miezi mitano ikapita hivyo. Siku moja, tukikusanya dadu, mwalimu akasema, "Jumamosi ijayo kwa Makochi, siyo?" Makochi ndilo jina walilokwisha kumpa shemeji. Mfamasia akaitikia. Hakuna aliyenigeukia kuniuliza. Nikakunja rula yangu, nikajitia hamnazo.

Alhamisi shemeji akaja karakana. Mikono yake ilikuwa na vumbi jeupe hadi kwenye viwiko.

"Shemeji, wewe ndiye mwenye rangi. Imebaki kuipaka milima. Brashi inaniachia michirizi. Nikitumia ile ya kopo, ya kupuliza, si itatulia vizuri?"

Ngoja niseme wazi. Nilijua. Zamani, nikiwa bado najifunza, nilichonga herufi za duka la viatu kwa mabamba yaleyale meupe, nikazipulizia rangi ya kopo. Ziliyeyuka mbele ya macho yangu, zikatoboka na kusinyaa. Mwenye duka alinifukuza na dada yangu alinicheka mwezi mzima. Dawa yake ni rangi ya maji, kwa brashi. Ni maneno mawili, ningeyasema huku nikiendelea kuchora.

"Piga tu," nikamwambia.

Akanishukuru. Akaenda zake akipiga mluzi.

Jumamosi tulifika pamoja, mwalimu, mfamasia na mimi, na maboksi yetu ya askari kwapani. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Barazani milima ilikuwa imeliwa. Sehemu nyingine zilikuwa na matundu, sehemu nyingine zimezama na kuacha ute mweusi ulioganda, na miti imelala ovyo. Nilidhani nitafurahi. Kwa kweli nilifurahi, kitambo kidogo.

"Kaka," dada akasema taratibu, "hii si kama zile herufi zako za duka la viatu?"

Mwalimu akanitazama. Mfamasia akanitazama. Nikainamia boksi langu la askari, uso unaniwaka hadi masikioni.

"Ndiyo yenyewe," shemeji akadakia. "Shemeji alinionya. Alhamisi nilikwenda kwake, akaniambia nitumie rangi ya maji kwa brashi. Mimi na ubishi wangu, nikaona uvivu. Haya, nicheke."

Wakamcheka. Mwalimu akanipiga begani, akasema kumbe fundi ni fundi, angesikilizwa tusingefika hapa. Mfamasia akasema turudi kwa Brashi, meza ile haijawahi kutuangusha. Wakachukua maboksi yao wakatangulia. Jumamosi ilikuwa imerudi kwangu, tena na sifa juu yake.

Nilibaki nyuma. Shemeji alikuwa amechuchumaa, anakwangua ute kwenye ubao kwa kisu chake ili auokoe mto.

"Shemeji," nikamwambia, "kwa nini umewaambia vile?"

Hakuinua kichwa. "Ulitaka niwaambieje?"

Hakuwa na hasira. Ningeona hasira ningejua la kufanya. Nikasimama pale na boksi langu kwapani, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Milima ilikuwa imekwisha, sikuwa na cha kutamani tena. Lakini kijicho kilikuwa palepale, tena kimezidi, maana nilijua kwamba kama ingekuwa mimi nimechuchumaa pale, ningewaambia ni nani aliyesema piga tu.