Fundi Zipporah avunja baraza lake kumjengea mama mlango

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Zipporah Mangi anafungua mlango ambao haupo. Anashika kitasa cha hewa, anasukuma taratibu, anainamisha kichwa kidogo, kisha anaingia katika chumba kisicho na paa. Kuta zimefika usawa wa kiuno. Anasimama katikati, akielekea mashariki ambako dirisha litakaa, na mwanga wa kwanza wa Muyeye, mtaa wa Malindi, unamfika usoni.

"Kitanda hapa," anasema kwa sauti ya mtu aliye nusu usingizini. "Ndoo ya maji pale. Na huku, kiti chake cha kamba."

Anabaki hivyo kwa muda, akitabasamu na vitu visivyokuwepo. Halafu anajifunga leso kiunoni, anachukua mwiko na kuanza kukoroga saruji.

Zipporah, mwenye umri wa miaka 49, ni fundi mwashi. Kwa miaka ishirini na miwili amewajengea watu wa Malindi kuta, ngazi, visima na vyoo. Alianza kwa kubeba mchanga na maji, akajifunza kazi kwa macho tu, kwani hapakuwa na fundi aliyetaka kumfundisha mwanamke. Siku ya kazi hulipwa shilingi 1,200, na kuna wiki ambazo siku ya kazi ni moja tu.

"Walisema ukuta wa mwanamke utaegemea jikoni," anasema. "Nikawaambia leteni pima maji, tuone kama umenyooka. Wakaleta. Tangu siku hiyo jina langu ni Mama Fundi."

Lakini kuna nyumba moja aliyokuwa akiijenga kichwani miaka yote hiyo, akiwa juu ya ngazi za wenye nyumba wengine. Ni chumba kimoja tu, cha mama yake.

Mbeyu, mama huyo, amevuka miaka sabini na anaishi peke yake Jilore, katika shamba lake la mahindi. Presha ya macho imemwibia nuru kidogo kidogo. Sasa anatambua mwanga na kivuli, basi. Mara mbili Zipporah alimleta Malindi akae naye, na mara mbili Mbeyu alikataa kulala. Alikaa ukumbini hadi kukapambazuka, kisha akaomba arudishwe kwake.

Si ukaidi. Nyumba ile aliijenga Mangi Kalume, mume wa Zipporah, na kwa desturi aliyolelewa nayo Mbeyu, mama hapiti mlango wa mkwewe akalala chini ya paa lake. Mkwe huheshimiwa kwa umbali. Mangi alipokuwa hai, yeye na Mbeyu walisalimiana kila mmoja akitazama pembeni, na hawakuwahi kupeana mkono. Mangi alifariki miaka mitano iliyopita, baada ya maisha marefu ya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni. Kwa Mbeyu, kifo hakikubadilisha kitu. Mkwe ni mkwe.

"Aliniambia, nijengee mlango wangu mwenyewe, mwanangu, usiopitia kwa Mangi. Siku hiyo nitakuja," asema Zipporah.

Ndipo akaanza kukusanya mawe. Kila kazi iliyokwisha alirudi nyumbani na mawe mawili, matatu, yaliyosalia kwa mwenye nyumba au aliyoyanunua mwenyewe. Miaka mitatu ikapita. Yalipofika mia nne alichimba msingi ubavuni mwa nyumba, mbele kabisa karibu na njia, palipo na upepo mzuri.

Msingi ulikuwa na siku mbili tu alipofika Gona.

Gona ni mfanyakazi anayetunza bomba la umma la maji taka mtaani hapo, mtu mrefu, mpole, ambaye hutembea na fimbo ya chuma. Huisimika ardhini, huweka sikio kwenye ncha ya juu, hufumba macho na kusikiliza. Mpita njia asiyemjua humdhania ana ugonjwa.

"Mama Fundi," alisema baada ya kusikiliza sana, "hapa unajenga juu ya bomba."

Zipporah alicheka. Gona hakucheka. Akaeleza kwamba chini ya njia ile limepita bomba kuukuu linalobeba uchafu wa nyumba zipatazo arobaini. Ukuta ukilikalia litapasuka, na hata lisipopasuka, siku litakapoziba itabidi chumba kibomolewe ili lifikiwe. Chumba kisogezwe, walau hatua tatu. Ila kulikuwa na tatizo jingine.

Kila baada ya hatua arobaini bomba lile lina chemba, yaani shimo lenye mfuniko wa zege ambamo mafundi huteremka kulizibua. Chemba ya sita iko uani kwa Bi Raiya, jirani wa Zipporah. Ya saba haikuwahi kuonekana. Kila masika bomba huziba mahali fulani mbele, na kwa kuwa ya saba haifunguki, uchafu hupanda kwa Bi Raiya.

"Miaka sita naitafuta," Gona alisema. "Isipoonekana siwezi kupima bomba linapinda wapi, na ruhusa ya kujenga sitaiandika. Nisamehe."

Haya yote aliyasema akiwa ameketi kwenye baraza la Zipporah, kile kikalio cha mawe mbele ya nyumba, kikombe cha chai mkononi na hamri gotini. Zipporah alimtazama, kisha akatazama pale alipokalia mgeni. Chai yake mwenyewe ikamwia chungu mdomoni.

Maana alikumbuka. Miaka kumi na miwili nyuma, yeye na Mangi waliponunua kiwanja, alikuta chini ya mchanga bamba la zege, pana, limetulia, lenye pete ya chuma iliyoshika kutu. Nyumba ya pwani isiyo na baraza ni nyumba ya mtu asiyependa watu, na hapo Mungu alikuwa amempa msingi wa bure. Pete ilimkera, akaikata. Akapanga mawe juu yake, akapiga plasta laini hadi ikang'aa.

Jumamosi hiyo Mangi alirudi kutoka Marereni, akaona plasta mbichi, na bila kuomba ruhusa akabandika kiganja chake katikati.

"Nilimfokea! Nikamwambia umeniharibia kazi," Zipporah anakumbuka, na macho yake yanakwenda mbali. "Akasema hiyo ndiyo sahihi ya mwenye nyumba. Mkono wenyewe umepasuka kwa chumvi, kila ufa ukaonekana."

Tangu Mangi azikwe, kila jioni Zipporah alikaa pale na kuweka kiganja chake ndani ya kile cha mumewe. Hakuinuka hadi giza lianze kuingia.

Basi siku ile Gona alimaliza chai, akashukuru, akaenda zake, na Zipporah hakufungua mdomo. Alinyamaza siku tatu. Hapakuwa na mtu mwingine aliyejua, na angeweza kunyamaza hadi leo.

"Nililala nikaota mama amefika," anasema. "Anatembea chumbani mwake, anafurahi, lakini miguu inalowa. Namwambia mama toka, kuna maji. Ananiambia maji gani, mimi sioni. Niliamka na aibu kama mwizi."

Siku ya nne alivuka kwenda kwa jirani.

"Shikamoo, Bi Raiya."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

Zipporah akatoboa yote. Bi Raiya, mjane mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi, alitupa jicho kule barazani. Kisha akaangua kicheko hadi ushungi ukamteleza.

"Ajabu ya Mola! Mimi nakimbia harufu kwangu, naja kubarizi kwako nipate hewa, kumbe nakalia kizibo chenyewe!"

Alipotulia, alimshika Zipporah mkono. "Sitokushurutisha. Lile baraza najua ni nini kwako. Lakini masika yale maji yalifika hadi ninapotandika mswala. Nimeswali kitandani wiki nzima, Zipporah. Na masika mengine hayo yaja."

Gona naye alipoambiwa alishika kiuno. "Nimeikalia?" aliuliza. "Miaka sita natembea na fimbo, nimeikalia, na mahamri nikala?"

Walipanga kuvunja Ijumaa moja asubuhi. Gona alikuja na sururu, lakini Zipporah alimzuia. Aliyejenga ni yeye, na atakayevunja ni yeye. Alichukua tindo na nyundo ndogo, akaanza kuuzunguka mkono wa Mangi, akichonga kidogo, akipuliza vumbi, akichonga tena. Bi Raiya alileta kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akakalia upande wa pili wa njia, kimya kabisa, jambo ambalo mtaa mzima unalizungumza hadi leo. Adhana ya adhuhuri ikapita. Ndipo plasta ikalia kama kigae, na kidole kidogo kikakatika na kuwa unga.

Zipporah aliliweka lile pande la plasta mapajani akalia mbele za watu wote. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kisha mawe yakaondolewa, mtaimbo ukaingizwa, na mfuniko ukanyanyuka. Chini kulikuwa na giza, na ndani ya giza maji yamesimama. Gona alivua kofia kana kwamba anaamkua mkubwa wake. Baada ya saa nzima ya kuzibua, maji yale yakakoroma, yakaanza kusogea, na upande wa pili Bi Raiya akapaza sauti kutoka uani: "Yashuka! Yashuka!"

Ruhusa iliandikwa wiki hiyo hiyo.

Chumba kimerudi nyuma hatua tatu na kimepungua upana. Juu ya bomba pamebaki uwazi, na chemba ya saba iko wazi kwa jua, mfuniko wake umetiwa pete mpya. Hapo Zipporah hatapanda mti, kwa kuwa mizizi hupenda mabomba. Anasema ataacha nyasi tu, mama azisikie kwa miguu.

Lile pande la plasta amelijengea ukutani, kando ya mlango, kwenye kimo ambacho mkono wa mama yake utafika bila kutafuta. Aliliweka bila kumwuliza Mbeyu, na kwa siku nyingi roho haikutulia. Kumwekea mama mkono wa mkwewe mlangoni mwake! Huenda angegeuka na kurudi Jilore mara ya tatu.

Jumamosi iliyopita Mbeyu aliletwa kukagua. Aliweka fimbo chini, akaupapasa ukuta jiwe kwa jiwe, kama anayechagua kitambaa dukani.

"Hapa umenyoosha," alisema. "Hapa ulikuwa na njaa."

Zipporah alicheka kwa woga. Vidole vya bibi vikasogea, vikafika mlangoni, vikasimama.

"Huu mkono wa nani?"

"Wa Mangi, mama. Nisamehe. Ukitaka nitauondoa leo hii."

Mbeyu hakuurudisha mkono wake. Aliufuata ule wa plasta, dole gumba kwanza, kidole kimoja kimoja, hadi akafika mwisho.

"Mbona vinne?"

"Cha tano kilivunjika nikiutoa."

Bibi alitikisa kichwa. Kisha akatandaza kiganja chake chote, akakilaza ndani ya kile cha mkwewe, na kwa mara ya kwanza hakutazama pembeni.

"Miaka yote ile sikumpa mkono," alisema taratibu. "Hujambo, Mangi."

Zipporah alijifuta uso kwa leso, na saruji ikambaki shavuni. Akamweleza mama yake mipango: kuta zifike juu, makuti yameshaagizwa, mlango unarandwa. Wiki mbili, mama, kabla ya mvua.

"Wiki mbili ni nyingi," Mbeyu alisema, mkono ungali ukutani. "Nitandikieni mkeka humu humu. Mlango wangu nimeshauona."