Pingu Moja, Mikono Miwili

Gwantwa Mbonile alizaliwa milimani Ileje. Baba yake, mkulima wa mahindi, alitaka awe muuguzi. Yeye akaenda upolisi. Alianzia ukonstebo Mkwajuni, akipanda pikipiki hadi Galula kuamulia ugomvi wa wachimbaji dhahabu, wanaume walioshika masururu mikononi. Huko ndiko alikojifunza kusema polepole wengine wanapopayuka. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, lakini vilikuja, hata akaletwa Tunduma kuwa mkuu wa polisi wa wilaya.

Kiti kilikuwa hakijapata joto alipouawa dereva wa bodaboda aitwaye Ipyana. Kesho yake mchana, wananchi wakamkamata mtu sokoni akiwa na pikipiki ya marehemu.

Gwantwa alipofika, mtu huyo alikuwa chini, tairi shingoni, amelowa petroli. Aliyeshika kiberiti ni Ambakisye, kaka wa Ipyana. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

“Tupige mabomu ya machozi, Afande,” alinong'ona Inspekta Lusubilo, msaidizi wake.

“Na petroli ile? Cheche moja tu, kwisha. Nipe pingu.”

Watu walimpisha kwa sababu hawakutegemea kumwona akija peke yake. Akapiga magoti kwenye matope, akamvua ile tairi, akamfunga mtuhumiwa pingu mkono mmoja. Upande wa pili akajifunga mwenyewe. Kisha akamrushia Lusubilo ufunguo.

“Ondoka nao!”

Harufu ya petroli ilikuwa sasa kwenye sare yake pia.

“Toka, mama!” Ambakisye alifoka. “Huyu kaniulia mdogo wangu!”

“Pole, mwanangu. Kama ni yeye, hakuwa peke yake; nataka aseme alitumwa na nani. Ukimchoma, unanichoma na mimi, na aliyemtuma atakula chakula chake leo jioni.”

Jiwe likatoka nyuma, likampasua juu ya jicho. Hakuinua mkono kujifuta. Ambakisye aliutazama ule mtiririko wa damu, akatazama kiberiti, akageuka na kuwafokea wenzake: “Nani karusha? Nani?”

Gwantwa akasimama na mtu wake. Wakatembea bega kwa bega hadi kwenye gari, umati ukiwafuata karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Garini ndipo alipotapika.

Yule mtu ndiye aliyeua. Aliwataja wawili waliomtuma, na wote watatu wakahukumiwa. Mjini wapo waliosema mkuu wa polisi alipasuliwa paji la uso kwa kuokoa roho ya muuaji.

Siku ya hukumu, Ambakisye alimngoja nje ya mahakama.

“Shikamoo, Afande. Siku ile ningewasha kweli.”

“Marahaba. Najua.”

“Uliogopa?”

“Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli, mikono inakufa ganzi.”

Ambakisye akainamisha kichwa, akalia kwa sauti mbele za watu. Gwantwa akabaki amesimama naye mpaka alipomaliza.