Aliyepanua Tundu

Dada yangu alikuwa fundi wa vipimo katika kiwanda cha karatasi za kufungia bidhaa. Mwenzake wa zamu alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, hata wafanyakazi wakambandika jina la Pacha. Huyo Pacha nikimtaja tu damu inanichemka, mnisamehe.

Kifaa chao kilikuwa cha leza. Leza inamulika karatasi ikikimbia, mwanga unarudi kwenye jicho la kifaa, mashine inajua kasi, inahesabu mita, inakata. Mbele ya jicho kuna kibati chenye tundu dogo. Utadhani mwanga mwingi ndio kipimo kizuri. Wapi. Tundu likiwa pana, miale inaingia kwa pembe nyingi, kila mmoja unaonyesha kasi tofauti, namba zinayumba kama mlevi.

Basi ikaja karatasi nyeusi, ile isiyorudisha mwanga wa kutosha. Kwenye zamu ya Pacha mashine ikawa inasimama kila mara. Akachukua tupa, akalipanua tundu. Mashine ikatulia, akasifiwa. Kumbe karatasi zilitoka fupi, na mteja akarudisha mzigo mzima. Meneja akaapa kwamba aliyeharibu kifaa atafukuzwa.

Dada alipokifungua kifaa akaona alama za tupa. Kifaa kile walikigusa wao wawili tu. Akamfuata Pacha, naye akalia, akamshika miguu. "Usiseme, dada yangu. Nitakiri mwenyewe kikaoni." Dada akakubali. Moyo wa huruma ulimponza dada, na nilimwambia.

Kikaoni meneja akauliza. Pacha, macho makavu, akajibu, "Mimi kibati sikijui, bosi. Fundi wake ni huyu." Dada akafukuzwa siku hiyo hiyo.

Jumamosi nani anabisha hodi kwetu? Pacha.

"Mwenzangu, wamenipa nafasi yako. Kibati ni kipya, ila nyeusi ikija mwanga haufiki. Ulikuwa unafanyaje?"

Niliinuka nimtoe nje. Dada akanishika mkono.

"Sogeza kifaa karibu na karatasi, ufute kioo," akamwambia. "Tundu usiliguse. Ungeniuliza siku ile, ningekwambia hivi hivi."

Pacha akashukuru, akaenda zake. Dada akafunga mlango, akakaa sakafuni palepale, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe.